Kipenyo

Muuzaji wa Makoroboi alilifuta boksi kwa kiwiko:
picha ya zambarau, sayari yenye pete
pana kama sinia la pilau.
"Hii, dada, inakuza mara mia tano ishirini na tano."
Nikamuuliza upana wa kioo chake.
"Mara mia tano," akasema, "na ishirini na tano."
Miguu yake mitatu, myembamba kama ya korongo,
ilitetemeka lori lilipopita.

Mimi nakaa Mabatini, juu, kwenye mawe,
ambako maji hayapandi ila kwa kichwa cha mtu.
Masika hutandaza vyombo nje, sufuria, beseni, chupa,
na tangu utotoni najua
chupa ndefu hupata matone, beseni hupata kisima.
Nuru nayo ni mvua.
Nyota ya mbali hunyesha manyunyu tu.
Basi usinitajie urefu wa chupa yako.
Nionyeshe mdomo.

Miezi kumi na minne niliweka kwenye kopo la maziwa
pesa zinazonuka dagaa.
Nyanzobe wa kikoba akauliza nanunua nini, cherehani?
Nikasema, kitu cha kutazamia.
"Kumtazamia nani?"

Mwisho nikaipata kwa Mwalimu Lugwisha wa Nyegezi,
fizikia, amehamishiwa Kigoma, hawezi kubeba vyote:
bomba fupi nene juu ya kigoda cha mbao,
kinu kisicho na mchi,
na ndani, chini kabisa, kioo
cha sentimita kumi na tatu. Kisahani cha chai.
Akanionya: usikifute,
vumbi halimzuii mtu kuona, kitambaa ndicho hukwaruza.
Nilikifuta juma lile lile.
Mkwaruzo upo. Naujua kama kovu la goti langu.

Habari ya sami hakuniambia.
Usiku wa kwanza walipanda toka ziwani kama moshi,
wakajaa kwenye bomba, kwenye kope, kwenye chai.
Wa pili, mawingu.
Wa tatu, jirani akafunga taa mpya ya ulinzi.
Wa nne umeme ukakatika,
mji ukaguna toka Igogo hadi Kirumba,
nami peke yangu nikapiga vigelegele kimoyomoyo.

Kilimia.
Kwa macho nahesabu sita, saba nikiwa sijachoka.
Kwenye kioo niliacha kuhesabu.
Si kwamba zilikuwa nyingi mno;
nilisahau tu kwamba kuhesabu kupo,
mimi ninayehesabu magunia hata ndotoni.

Lakini giza zuri ndilo giza la kazi.
Mwezi ukiwapo dagaa hawafuati taa,
nyavu hulala, nami hulala.
Mwezi ukifa, ndugu yangu Bwire huingia majini na wenzake,
na saa kumi alfajiri natakiwa Mwaloni, nipokee, nipime, nibishane.
Kwa hiyo nyota nazilipia kwa usingizi.
Nimesinzia juu ya mzani.
Mara moja nimeandika "Zohali" palipotakiwa jina la mteja.

Juzi nikaishusha toka huko juu polepole,
ikapita msalaba wa kanisa, ikapita tangi la maji,
hadi ziwani.
Kioo cha namna hii hupindua.
Angani hakuna juu wala chini, alisema mwalimu, utazoea.
Ziwani sikuzoea:
taa za sola zilining'inia kama popo,
maji yalikuwa dari,
na chini ya dari hiyo, miguu juu,
mtu mwenye koti la mvua la njano
alikuwa anakula muhogo.

Sijui kama ni Bwire. Makoti ya njano ni mengi.
Nilimtazama mpaka akamaliza,
akapangusa mikono kwenye suruali,
akainama (kwangu akainuka)
kuvuta wavu.